Naomba ushauri: kutafsiri hotuba ya Lincoln ya Gettysburg

Wakuu, naombeni msaada. Natafsiri hotuba ya Rais Lincoln wa Marekani, aliyoitoa kwenye makaburi ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Gettysburg, 19 Novemba 1863, wanafunzi wangu waisome kwa sauti. Msemaji mkuu wa siku ile, Everett, alitangulia kwa saa mbili hivi, Lincoln akamaliza kwa dakika chache. (Na alidai dunia haitayakumbuka maneno yao!)

Nimekwama anaposema walio hai hawawezi kuiweka wakfu ardhi ile, kwani waliopigana pale wameshaitakasa. Vitenzi vyake vitatu (dedicate, consecrate, hallow) vinapanda kama ngazi, vyangu vinafanana. Je, "wakfu" litawapeleka watoto moja kwa moja msikitini? Na "miaka themanini na saba" ya mwanzo wa hotuba isisikike kama hesabu ya dukani, nifanyeje? Mwenyewe alihesabu kwa ishirini-ishirini ("four score and seven"), kikale. Kipindi ni Jumatatu.