Nimeshinda 3-2 lakini alama zangu zimeshuka. Nifanyeje wakuu?

Mpiga Kona: Wakuu, salama? Juzi nilicheza mechi ya ligi ya skwoshi, nikashinda 3-2. Leo nafungua orodha ya viwango, nakuta nimekatwa alama 10, na niliyemfunga kapewa hizo hizo 10. Mwisho wa mwezi timu inapangwa kwa alama na mimi niko ukingoni kabisa. Mfumo umeharibika au? Nikiomba mechi ifutwe watakubali?

Bati la Chini: Ulivaa viatu gani? Vya kukimbilia barabarani vitakuua kifundo, hizo alama utazisahau.

Mzee wa Tisa: Vijana mnalialia sana. Sisi tulicheza hadi pointi 9, na pointi hupati mpaka uwe wewe ndiye uliyeanzisha mpira. Mnagombana dakika kumi, ubao haujasogea. Niliwahi kuongoza 8-0 nikafungwa 10-8. Hakuna aliyenipa pole.

Kikokotoo: Pole mzee. Mleta uzi, kabla ya mechi mlikuwa na alama ngapi kila mmoja? Bila hizo tunapiga ramli tu.

Mpiga Kona: Mimi 1800, yeye 1400. Lakini kushinda ni kushinda.

Kikokotoo: Si kwenye kila mfumo. Hesabu hizi asili yake ni chesi, kazi ya mwanafizikia Arpad Elo. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, waliichukua 1970. Pengo la alama 400 maana yake unatarajiwa kuvuna karibu 0.91 ya matokeo. Kama ligi yenu ingeangalia mshindi tu, usingeshuka hata ungeshinda kwa tabu. Ila inaelekea wanahesabu seti. Umechukua 3 kati ya 5, yaani 0.60. Toa 0.91, zidisha kwa 32 ambayo ni kizidishio cha kawaida, unapata karibu hasi 10. Mfumo ni mzima. Umecheza chini ya unavyojulikana, basi.

Mama Raketi: Hapo ndipo sielewi. Mtu wa 1400 anakupokonyaje seti mbili? Ulikuwa unaumwa?

Mpiga Kona: Haya, niseme tu. Ni bosi wangu. Mkataba wangu unajadiliwa mwezi huu. Nilimwachia mbili ili asiondoke na aibu, nikamaliza ya tano. Sioni nimemdhulumu nani, mechi si nimeshinda? Na barua ya kuomba ihesabiwe ya kirafiki nimeshaiandika, bado kutuma.

Msema Kweli: Umemdhulumu kila aliye chini yako kwenye orodha. Bosi wako sasa ana 1410 za bure, wiki ijayo atapangiwa mtu atakayemchakaza. Halafu unataka kufuta ushahidi!

Bati la Chini: Mwache, mkataba haulipwi kwa alama.

Jicho la Tatu: Mkuu hebu weka matokeo ya kila seti.

Mpiga Kona: 11-4, 9-11, 11-5, 8-11, 11-10.

Jicho la Tatu: Hii chai wakuu. 11-10 haipo kwenye skwoshi. Mkifika 10-10 mnaendelea mpaka mmoja atangulie kwa mbili. Huyu hajawahi hata kushika raketi.

Mzee wa Tisa: Nilijua. Nimepoteza hadithi yangu ya 8-0 bure.

Mpiga Kona: Si chai! Tulikuwa 11-10 akateguka kifundo, akanipa mkono. Nikaandika ubao ulivyosoma.

Mama Raketi: Basi ungeandika 12-10. Aliyeumia mwenyewe ana dakika 3, akishindwa kuendelea unakamilishiwa pointi zilizobaki, yeye anabaki na zake. Ila ngoja. Ulikuwa unamwachia, sasa 11-10 ya seti ya tano ilitokea wapi?

Mpiga Kona: …Hiyo ya tano sikumwachia.

Kikokotoo: 😂 Kumbe 1410 si za bure.

Msema Kweli: Usitume barua.

Mpiga Kona: Anataka turudiane akipona, na nimeshakubali. Kikokotoo, nikimwachia seti moja tu?

Kikokotoo: Ukishinda 3-0 unapata 3. Ukishinda 3-1 unapoteza 5. Na safari hii usituambie umemwachia.