MREJESHO: Mafuta yaliyochoka ya chipsi kuendesha jenereta

Wakuu, narudi na mrejesho wa swali langu: nina banda la chipsi, madumu ya mafuta yaliyochoka yamejaa stoo, je, yanaweza kuendesha jenereta ya dizeli badala ya kumwagwa mtaroni?

Yanaweza, ila si kwa kuyamimina tu kwenye tangi kama mmoja wenu alivyonishauri (mkuu, ungeniulia mashine). Ni mazito, yanaziba nozeli. Fundi mmoja anayetengeneza biodizeli (dizeli inayotokana na mafuta ya kupikia) alinikaribisha nikashuhudie. Anachuja makombo kwa kitambaa, anachemsha ili maji yatoke, maana maji yakibaki utapata sabuni. Yakipoa hadi nyuzi 55 hivi anatia methanoli (aina ya alkoholi yenye sumu) iliyoyeyushiwa kostiki soda, anakoroga karibu saa nzima. Lita 100 za mafuta zinakula kama lita 20 za methanoli. Kesho yake chini kumetuama gliserini nyeusi, nzito kama asali, na juu kuna biodizeli ya kahawia inayopitisha mwanga. Hapo bado kuosha kwa maji na kukausha.

Mimi nyumbani sithubutu. Methanoli ukiimeza hata kidogo inapofusha, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Tumekubaliana namuuzia kwa dumu, anafuata mwenyewe na bodaboda. Hela si ya kutajirisha, lakini mkaa unapatikana humo.

Na yule aliyenifuata pembeni akitaka ayanunue akakaangie mihogo: samahani ndugu, hayo siuzi.