Tupeane uzoefu: Timu yenu ya mtaani ilipoenda kusaidia watoto, nini kiliwakuta?

Winga wa Sombetini:
Wakuu, salaam. Jana nimepita soko la Kilombero, hapa Arusha, nikawaona madogo wenye jezi wanapakia unga na sabuni kwenye toyo. Nikakumbuka yetu ya 2019. Tulichanga elfu mbili mbili kwa wiki sita, tukaenda kituo cha watoto wiki ya Krismasi. Tukakuta foleni! Kwaya, kikundi cha akina mama, watu wa ofisi fulani, sisi wa nne. Watoto walikuwa wameimba wimbo wa kukaribisha wageni tangu asubuhi. Zamu yetu ilipofika, wadogo kabisa walikuwa wanasinzia wamesimama, na bado wanapiga makofi. Sijasahau. Sasa vijana ninaowafundisha wanataka kwenda. Tupeane uzoefu, hasa yaliyowaumiza.

Kijenge Juu:
Sisi pia tuliimbiwa. Mpaka leo ule wimbo nikiusikia nakosa raha.

Mama Kiboriloni:
Desemba msiende, wanangu. Huku Moshi watu wote wamerudi nyumbani, kila gari lina katoni ya juisi. Nendeni wiki ya pili ya Januari. Ada imefutwa tangu 2016, sawa, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mlezi. Januari ndiyo mtoto anabaki nyumbani kwa sababu ya sketi.

Beki Mbili:
Pelekeni hela taslimu, wao ndio wanajua shida zao.

Fundi Magari Majengo:
Hela taslimu usipeleke hata siku moja! Peleka unga, maharage, mafuta ya kula. Nimeona mengi.

Namba Sita Pasua:
Hii nilikuwa sijamwambia mtu, ila mmenichokoza.

Timu yetu ya Pasua, wengi tulikuwa na miaka 15, 16. Winga wetu wa kushoto alikuwa hatari, timu za Njoro na Bomambuzi zilikuwa zinamwekea watu wawili. Alituambia mdogo wake yuko Rombo kwa bibi. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Ikawa mwezi wa sita, ile baridi yetu, mlima hauonekani wiki nzima. Tumekodi Hiace, tuna mchele, sabuni za mche na mipira miwili. Winga anasema tumbo linamuuma, hataki kwenda. Kapteni akamwambia hizo ni dharau kwa watoto wa watu, panda gari. Akapanda. Njia nzima hakusema neno.

Tulipofika akabaki nyuma ya gari, eti anashusha mizigo. Sisi tukawapanga watoto mstari, kila mmoja kashika mche wa sabuni, kapteni anapiga picha na kuzituma palepale kwenye kundi la WhatsApp. Mara dogo mmoja, kama miaka minane, akaangusha sabuni, akatoka mbio. Akatupita wote. Akazunguka gari, akamng'ang'ania winga wetu bukta kwa mikono miwili: "Kaka, umekuja kunichukua?"

Winga akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, akamkumbatia, akalia kwa sauti. Sisi tumesimama na jezi zetu. Kocha ndiye pekee aliyejua la kufanya, alienda akakaa nao chini.

Kumbe mama yao alifariki, baba akaondoka na lori hakurudi, bibi akawa mgonjwa. Ndugu aliyekuwepo alisema anaweza kumchukua mmoja tu, akachagua aliyekuwa na nguvu za kubeba ndoo. Mdogo akapelekwa kituoni.

Picha zilifutwa jioni ileile lakini zilishasambaa. Jumatatu shule nzima inajua. Winga hakuja mazoezini wiki tatu.

Tengeru Sokoni:
Nimesoma niko kwenye kifodi, nimepitiliza kituo.

Mzee wa Takwimu:
Pole, ila samahani. Timu nzima mnacheza naye kila siku, na hamjui anaishi vipi?

Kijenge Juu:
@Mzee wa Takwimu acha ukali, walikuwa watoto.

Namba Sita Pasua:
Hapana, mwacheni, yuko sahihi. Ndilo linaloniuma. Tulichangia watoto tusiowajua, na mwenzetu alikuwa anakuja mazoezini bila kula. Kuna siku alizimia tukasema jua.

Mama Kiboriloni:
Baba, usijilaumu kiasi hicho. Wale watoto wako wapi sasa?

Namba Sita Pasua:
Shikamoo mama. Kocha alikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, tukaruhusiwa kumpeleka winga kila Jumamosi, nauli inatoka kwenye mchango wa timu. Baada ya mwaka na kitu akapatikana mama yao mdogo wa Himo, maafisa wakamtembelea, wakaridhika. Wote wawili wako kwake. Winga ni fundi aluminiamu sasa hivi.

Beki Mbili:
Mungu ni mwema. Lakini picha msiziseme vibaya. Bila picha, waliochanga watasema tumekula.

Mzee wa Takwimu:
Piga picha magunia na risiti! Sura ya mtoto ya nini? Na tukumbushane: Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo timu ya chini ya 17 ni watoto wote, nao wana haki ya kuangaliwa. Ukigundua mtoto anateswa, piga 116, ni bure.

Kipa wa Usa River:
Yetu ni tofauti. Tulikusanya njumu za mtumba, jozi kama ishirini, tukapeleka shule moja upande wa Maji ya Chai. Mnaotoka huko mnajua: maji yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, yamejaa floraidi, madini ambayo yakizidi yanaharibu meno na mifupa. Meno ya kahawia ni ya kawaida, lakini wapo waliopinda miguu kabisa. Nikapiga magoti kumvalisha dogo mmoja, kiatu hakiingii. Akaniambia, "Kaka mpe huyu, mimi huwa nahesabu magoli." Sikuweza kucheza siku ile.

Fundi Magari Majengo:
Si wachemshe maji tu?

Kipa wa Usa River:
Kuchemsha kunazidisha, kaka. Maji yanapungua, floraidi inabaki. Inachujwa kwa mkaa wa mifupa, pale Ngurdoto wamefanya kazi hiyo miaka mingi. Njia nyepesi kwetu ni maji ya mvua, hayana floraidi kama ya kisima. Mwalimu mkuu alituambia waziwazi: mngeniuliza, ningewaomba mifereji ya bati na tenki.

Winga wa Sombetini:
Basi nimebadili mpango. Kesho mazoezini nakaa na vijana wangu mmoja mmoja kwanza, nijue nani anakula wapi. @Kipa, hiyo shule bado inahitaji mifereji?

Kipa wa Usa River:
Upande mmoja wa paa bado, na masika hayako mbali. Mbao tunazo. Tunakosa ngazi ndefu.

Tengeru Sokoni:
Ngazi ninayo. Mje na toyo Jumamosi saa moja asubuhi.