Mayai yameshuka ghafla lakini kuku hawafi, inaweza kuwa mafua ya ndege?

Leyas_Ahero: Wadau habarini. Niko Ahero, nafuga kuku wa mayai kama 600. Tangu wiki jana mayai yameshuka vibaya, mengine yanatoka na ganda laini, kuku wanapiga chafya na wengine macho yanatoa maji, ila hawafi. Chanjo ya Newcastle (kideri) walipata. Jirani anasema ni mafua ya ndege, mimi nikamwambia hayo yangeshamaliza banda lote. Kweli kuna aina isiyoua? Na ingeingiaje wakati kuku wangu hawatoki nje?

vet_mstaafu: Ipo mkuu. H9N2, aina mojawapo ya kirusi cha mafua ya ndege, ni ya ukali mdogo na imeshapatikana kwenye masoko ya kuku hai Uganda na hapa Kenya. Lakini usikimbilie jina, bronkaitisi (ugonjwa mwingine wa kirusi wa njia ya hewa) nayo huleta ganda laini na chafya hivyo hivyo, hata Newcastle kwa kuku waliochanjwa inaweza kuja kimyakimya. Muite daktari wa mifugo wa sabkaunti achukue sampuli za koo na kinyeo zipelekwe maabara, kwa macho hutajua. Na antibiotiki haiui kirusi, usimwage hela. Sasa niambie: una bata? Maji unatoa wapi? Trei za mayai ni zako?

Leyas_Ahero: Bata wapo wachache, mchana wanashinda kwenye mifereji ya mpunga na wale ndege wa porini, jioni wanarudi kulala ubavuni mwa banda. Kijana anayeokota mayai ndiye anawalisha. Trei analeta broka, tunabadilishana.

mama_kroila: Hapo kwenye trei ndio penyewe!! Zile za karatasi zimepita soko ngapi, na kinyesi kimekaukia humo, halafu zinaingia mpaka kwenye viota. Broka wangu nilimwambia mwisho wake ni getini. Tena kuku akienda soko akikosa mnunuzi mimi simrudishi bandani hata kwa bei ya hasara, huko amelala kizimba kimoja na kuku wa kila kona.

mfugaji_Uholanzi: Huku nilipo mashamba ya kuku wanaotoka nje yamekutwa na maambukizi haya madogo mara nyingi zaidi ya yale ya ndani, na yaliyo karibu na maji ndio zaidi, kwa hiyo bata wako usiwapuuze, wanabeba bila kuumwa. Na watu wasidharau neno "dogo". Aina za H5 na H7 zikizunguka kwenye kuku zinaweza kugeuka kali. Mwaka 2003 H7N7 iligeuka hapa, ndege kama milioni 30 wakauawa na daktari mmoja wa mifugo akafa.

vet_mstaafu: Sawa, ila H9 haina tabia hiyo ya kugeuka. Shida yake inamfungulia mlango bakteria E. koli ndio vifo vinaanza, na inachangia jeni: H7N9 ya China mwaka 2013 ilichukua jeni zake za ndani kutoka H9N2. Kwako kuku hawatoki lakini viatu vinatoka. Gambuti za bandani zisivuke mlango, anayelisha bata asiingie kwa kuku, na usiuze kuku yeyote mpaka majibu yatoke.

Leyas_Ahero: Daktari anakuja kesho asubuhi. Trei nitanunua za plastiki niwe naosha. Tatizo bata ni wa mama mkwe, hapo sijui naanzia wapi.

mama_kroila: Mpelekee trei ya mayai kwanza 😂 halafu umwambie wajengewe kibanda chao kule mwisho wa shamba.

vet_mstaafu: Mayai ya banda hilo yasitoke kwanza!