Tupeane uzoefu: mchezo au filamu uliyoibadilisha ili na mwingine aifurahie

Binti wa Pasua
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya mzee wangu. Kama umewahi kuchukua mchezo au filamu inayojulikana ukaigeuza ili iwafae watu wengine, tueleze ulifanyaje na wapi ulikwama.

Naanza mimi. Baba amecheza drafti tangu sijazaliwa. Hapa Pasua, Jumapili baada ya ibada, ukimkuta chini ya mwembe ujue haondoki mpaka giza liingie. Miaka minne iliyopita presha ya macho ilimchukua jicho la kwanza, halafu la pili. Akaacha kutoka. Wenzake walikuja kumjulia hali, wakawa wanakaa kimya, maana mazungumzo yao siku zote yalikuwa juu ya ubao.

Nilidhani kazi itakuwa kwenye kete, kumbe vizibo vya soda vina jibu tayari. Mmoja anacheza vilivyofunikwa, mwingine vilivyofunuliwa. Kidole kinajua mgongo laini na kinajua shimo lenye meno. Kingi ni vizibo viwili vimebebana, hilo nalo linapapasika. Kilichotushinda ni kwamba ukipapasa unasogeza, na kete ikikaa katikati ya nyumba mbili ugomvi umeanza.

Ubao una nyumba 64, lakini zinazochezewa ni za rangi moja tu, yaani 32. Nikaenda kwa fundi seremala, akachimba vishimo 32, kila kimoja upana wa kizibo, kina kidogo tu. Kete zikatulia. Tukapeana namba za nyumba, kuanzia 1 mpaka 32, na anayecheza anataja ametoka ipi kwenda ipi.

Mzee akacheza michezo miwili, akasukuma ubao. Nikamuuliza, "Baba, kuna nini?" Akasema, "Hauna mlio, mwanangu." Alizoea kete ikipigwa *paa!* ubaoni. Kwenye mlio ule alikuwa anasikia kama mwenzake ana hasira, ana uhakika au anabahatisha. Vishimo vya mbao vilimeza kila kitu. Nililia siku ile, nawaambia ukweli. Kesho yake nikarudi kwa fundi, tukakata vipande vya bati, tukabandika kimoja kimoja chini ya kila kishimo. Sasa jirani wa nyumba ya tatu anajua mzee amekula ngapi.

Chalii wa Sombetini
Dada, hiyo ya bati imenigusa. Mimi nilitafsiri filamu kwenye kibanda umiza, yaani kiukumbi cha video cha mtaani, kwa miaka sita, Wahindi na Wachina zaidi. Unakaa na maiki, unashusha sauti ya filamu, unasema juu yake. Lufufu wa Dar, mtafsiri maarufu wa filamu, tulimsikia kwenye kanda tukiwa wadogo, kila mmoja wetu alitaka kuwa yeye.

Mwanzoni niliamini mtafsiri mzuri ni anayesema sana. Nilijaza kila sekunde. Mama wa kwenye filamu nilimfanya bibi wa sokoni Kilombero, tajiri nikamfanya mfanyabiashara wa madini aliyetoka Mirerani na pesa mpya, na machalii walinielewa kuliko ningefuata maneno yenyewe. Hilo silijutii. Lakini siku moja, kwenye filamu ya Kihindi, baba anampokea binti yake aliyepotea, nami nikaendelea kuongea. Mama mmoja muuza ndizi, ambaye alikuwa anaingia kila Ijumaa, akasema kwa upole, "Mwanangu, hapa tuachie wenyewe." Nikazima maiki, nikapandisha sauti ya filamu. Ukumbi mzima ulilia, na lugha hakuna aliyeijua.

Tangu siku hiyo nilikuwa natazama kila filamu mara mbili nyumbani, naandika kwenye daftari mahali pa kunyamaza. Ndiyo kazi iliyonichukua muda kuliko zote. Kibanda nilikiacha nilipoelewa habari za hakimiliki. Sheria yetu ipo tangu 1999, na kuchukua kazi ya mtu bila ruhusa ni kumwibia. Sasa nasoma maandishi ya filamu za vijana wa hapahapa wanaonipa ruhusa wenyewe.

Mwl. wa Usa River
Kwa ufupi. Mdako, wa vijiwe na shimo, niliuingiza darasa la pili kufundishia kutoa. Darasa lina watoto zaidi ya 70 na vitabu havitoshi. Kosa langu lilikuwa kuwapa alama. Nilipoweka alama waliacha kucheza wakaanza kuogopa. Nilipoziondoa walirudi, na hesabu zikaja.

Kete 64
Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, Arusha. Nilitengeneza bao la Kiswahili la kwenye simu. Safu nne za mashimo manane, kete 64, na mchezaji anaanza na kete 22 mkononi. Kuandika namua (hatua ya kuingiza kete za mkononi) na mtaji (hatua ya baada ya hizo kuisha) kulinichukua wiki kadhaa. Nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, ndiyo ilinitesa. Kwenye namua, ukiwa umekula na kete yako ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako, una hiari ya kulala (kuishia hapo) au kusafiri (kuzoa kete za nyumba na kuendelea kusambaza), na programu yangu ilikuwa inakuamulia. Mzee mmoja wa Kaloleni alikataa kuendelea. Alisema umemnyang'anya mtu uamuzi mkubwa kuliko yote. Nikaweka swali litokee kabla ya kila safari: "Unalala au unasafiri?"

La pili ni mwendo. Simu inasambaza kete zote kufumba na kufumbua, na jicho halifuati. Nikapunguza kasi mpaka kete zikaanguka moja moja, kila moja na mlio wake. Kwa hiyo dada wa Pasua, wewe na mimi tumefika mahali pamoja bila kujuana.

Mjukuu wa Ngarenanyuki
Mnaikumbuka *Hatari!* ya mwaka 1962, ya Howard Hawks, yenye John Wayne? Wanakimbizana na faru na twiga kwa magari wakiwakamata kwa ajili ya bustani za wanyama. Ilipigwa huku kwetu, Momella. Hardy Krüger, Mjerumani aliyecheza humo, alipapenda hadi akanunua shamba.

Babu alikuwa kijana wakati ule na aliyaona magari yakipita. Hakuwahi kuiona filamu yenyewe. Nilimwekea sebuleni, ukutani, akiwa na wenzake watatu. Ni zaidi ya saa mbili na nusu, Kiingereza kitupu. Nilijiandaa kutafsiri. Dakika ya kumi babu akasema, "Simamisha." Akaeleza njia ile inakwenda wapi, na nani alikuwa na ng'ombe pale. Kisha, "Endelea." Kisha tena, "Simamisha." Tulimaliza saa sita usiku.

Watu wetu mle wanaonekana nyuma nyuma, wanabeba, wanashika kamba. Usiku ule wao ndio waliokuwa wasimulizi. Niliwarekodi kwa simu, na nikawa nawawekea binamu zangu sauti ya babu huku picha ikienda. Ni ya familia tu, siisambazi. Babu ametutoka mwaka jana. Sauti ipo.

Kijenge Juu
Pole sana ndugu yangu wa Ngarenanyuki.
Binti wa Pasua, mjomba wangu naye haoni, miaka saba sasa, na drafti ilikuwa ndiyo maisha yake. Hawezi kusafiri, miguu inamsumbua. Fundi wako anaweza kutengeneza ubao wa pili? Nitalipa, utume kwa basi. Kama nyumba zina namba, hawa wazee wanaweza kucheza kwa simu, kila mmoja na ubao wake.

Binti wa Pasua
Nimemsomea mzee ujumbe wako. Kanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mjomba ana salio, maana mchezo wake haukatwi katikati. Fundi nitamwona kesho asubuhi. Na bati asisahau. Mzee anasema wakiweka simu karibu na ubao atausikia mlio mpaka huko Kijenge. Na anachukua vilivyofunikwa.