MREJESHO: Kompyuta ya stationari, Mtwara mjini

Wakuu, niliuliza nianze kuboresha nini kwenye kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 ya stationari yangu, ile ya kesi ndogo: prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) au kadi ya picha. Mlionishauri SSD kwanza (diski ya kuhifadhia yenye kasi, isiyo na sehemu zinazozunguka), asanteni sana. Nimefunga ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski), GB 240, na RAM nimepandisha kutoka GB 4 hadi 8. Angalizo: mashine hii inatumia RAM ya DDR3, yaani kizazi cha tatu. Muuzaji mmoja alikazania DDR4, ambayo hata kwenye sloti haikai, mkato wake uko sehemu nyingine. Sasa Windows inawaka kabla mteja hajatoa flashi mfukoni. Kadi ya picha nimeachana nayo. Pawa saplai ni wati 240 tu, ndogo kwa kadi kubwa, na mimi nachapa barua, sichezi gemu. Hela iliyobaki nimenunulia UPS, ya kushikilia mashine umeme ukikatika.