Mama anaacha dawa za presha kila akisikia nafuu, wenye wazazi wa hivi mnafanyaje?

BintiMpwapwa
Mbukwenyi jamani, za siku nyingi wadau. Mi nipo hapahapa Dodoma upande wa Nkuhungu, upepo wa mwezi huu umetukausha midomo na vumbi ndo usiseme, asubuhi watoto wanaenda shule na masweta mawili. Bunge la bajeti nalo limekolea kwa hiyo wageni wamejaa mjini, guest bei zimepanda, ila mi nauza chakula cha mchana kwa hiyo kwangu ni neema, namshukuru Mungu.

Sasa kilichonileta ni mama. Ana miaka 67, yuko kijijini huko Mpwapwa, presha aligundulika nayo miaka minne iliyopita. Mwezi uliopita alikuja mjini tukaenda kupima ikasoma 178 kwa 102, daktari akamwandikia tena amlodipini kidonge kimoja tu kwa siku. Kimoja jamani. Anakunywa wiki mbili, ya tatu anasema kichwa kimetulia nimepona, anaacha. Nikipiga simu ananiambia nimekunywa, halafu mdogo wangu aliyeko nae ananiambia dada pakti iko vilevile. Tumegombana nae mpaka juzi akanikatia simu, na mama yangu hajawahi kunikatia simu. Kaka anasema nimwache ni mtu mzima. Mi siwezi, baba mdogo alianguka kiharusi 2019 kwa presha hiihii na mkono wa kushoto mpaka leo haujarudi. Nifanyeje?

Fundi_Mkonze
Pole sana dada angu. Mama mkwe wangu alikuwa hivyohivyo, sisi tulichofanya tuliacha kumpigia simu za kumkumbusha maana alikuwa anaona kama tunamkaripia, tukaiunganisha dawa na redio. Yeye taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimpiti hata iweje, basi vidonge vikawekwa juu ya redio, akiwasha anaviona. Sasa hivi mwaka wa pili hajaruka labda siku aende msibani. Tafuta kitu ambacho mama hakosi kufanya kila siku, chai, kufungulia kuku, sala, chochote, dawa ikae hapo.

Chachu_Makulu
Mpe kitunguu swaumu na juisi ya rozela asubuhi kabla hajala kitu, bibi yangu ilimshusha bila dawa za hospitali. Hizo dawa ukizianza ndo umefungwa maisha.

NesiKijijini
Chachu sikugombezi mpenzi, rozela anywe tu kama anaipenda, ila mtu wa 178 kwa 102 usimwambie aache dawa akategemee kitunguu. Mi nafanya kazi zahanati huku vijijini mkoa huuhuu na wanaoletwa kwa baiskeli mdomo umepinda wengi walikuwa na hiyo imani ya kufungwa maisha. Presha haiumi. Ikizidi 140 kwa 90 mara kwa mara tayari ni ugonjwa hata kama mtu analima ekari mbili anaimba, kwa hiyo huyo mama akisema nimepona hadanganyi, kweli hasikii kitu, ila kutosikia kitu sio kupona.

Ila dada BintiMpwapwa nikuulize kitu, umeshamuuliza KWA NINI anaacha? Sio umwambie kunywa, umuulize halafu unyamaze. Nasema hivyo kwa sababu amlodipini inawavimbisha wengine miguu, hasa kwenye vifundo, na wakinamama wengi hawasemi kliniki maana foleni ndefu na daktari ana dakika tatu. Anaona miguu imejaa anaogopa, anaacha kimyakimya. Hiyo inatibika, anabadilishiwa dawa au dozi, dawa za presha ziko aina nyingi.

La pili angalia anatumia nini kwa magoti. Wazee wetu wakitoka shamba wananunua diklofenaki dukani kama pipi, na ile inapandisha presha, unaweza kumeza dawa asubuhi na jioni ukaiharibu mwenyewe. La tatu, na hapa Wagogo wenzangu mnisamehe, ni magadi. Tunakazania chumvi, chumvi, mgonjwa anapunguza chumvi kweli, halafu mlenda unapikwa na magadi mchana na usiku. Magadi ni sodiamu ileile iliyoko kwenye chumvi! Shirika la Afya Duniani wanasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula, sasa hapo weka na dagaa wa chumvi. Ugali wa uwele hauna shida, karanga hazina shida, mlenda wenyewe mboga nzuri tu. Shida ni kile kijiwe cha magadi kinachotupwa kwa kukadiria na jicho.

Na mkipima, mama akae kwanza dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Akishuka tu kwenye basi kutoka Mpwapwa ukampima utapata namba za kukutisha.

Mzee_wa_Kikuyu
Wanangu nimewasoma wote, nesi Mungu akuzidishie. Mimi nina 71 na presha ninayo mwaka wa kumi na mbili. Niongeze upande mwingine maana tukimlaumu mama peke yake tutakuwa hatujatenda haki. Sera inasema sisi wa miaka 60 na kuendelea tusio na uwezo tunatibiwa bure, na dirisha la wazee lipo, kibao kimeandikwa vizuri kabisa. Unafika pale, unapokelewa kwa heshima, unapimwa, halafu unaambiwa mzee dawa hii imeisha kanunue nje. Mimi yamenikuta si mara moja wala mbili, kituo sitakitaja. Sasa mama wa kijijini akiambiwa hivyo anarudi na nini? Anakunywa alizopata, zikiisha anasema nimepona. Lugha ya kuficha ufukara hiyo, sisi wazee tunaijua.

Marais wa Afrika walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti za nchi zao iende kwenye afya, na sisi bado tuko chini yake. Na hawa wabunge wetu wanajadili bajeti hapa kilomita chache na ninapokaa. Bima ya afya kwa wote Bunge lilipitisha sheria yake 2023 na niliifurahia sana, naomba na mimi inifikie nikiwa hai. Mji huu uliamuliwa uwe makao makuu 1973, serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu 2016. Nimekaa hapa miaka yote hiyo nikingoja. Kwenye dawa sina miaka hiyo.

Kijana_Bahi
Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na wewe kwenye dawa ila hela peke yake naona haitoshi, huku kwetu kipimo cha presha kipo zahanati lakini kuna kipindi kilikaa miezi betri zimeisha, betri!! Mpaka tulipoleta kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti akabanwa ndo zikanunuliwa wiki hiyohiyo. Wabunge tuwabane na sisi huku chini tubanane pia. Halafu dada kama mama hana bima ya afya mkatie, ulizia ofisi ya kijiji ipo ipi kwa sasa na bei yake.

Mzee_wa_Kikuyu
Marahaba mwanangu. Hilo la betri umenena, nimelikubali.

BintiMpwapwa
Jamani nimerudi. Jana nilimpigia mama sikugusa habari ya dawa kabisa tukaongea mahindi, tukaongea mbuzi aliyezaa, mwishoni nikamwambia mama nisamehe nilikufokea, hebu niambie zile dawa zinakufanyaje. Akanyamaza sana. Halafu akasema miguu inajaa mpaka kandambili haziingii, na kuna mama mmoja msibani alimwambia ukiona hivyo figo zinakufa, kwa hiyo yeye akaona bora presha kuliko figo. Miaka minne hii mi nadhani ana kiburi kumbe anaogopa. Nimelia jamani.

Magoti nayo nesi umepiga palepale, ananunua vidonge vya njano dukani kila akitoka shamba, jina hajui. Na mlenda ni kila siku, magadi anasema bila hayo hauvutiki.

Jumatatu namleta mjini, kaka ametoa nauli baada ya kumsomea haya maneno yenu.

NesiKijijini
Umefanya vizuri sana mdogo wangu. Aje na dawa zote anazotumia, pakti tupu pia, na hivyo vya njano, daktari avione kwa macho. Na umwambie daktari habari ya miguu wewe mwenyewe, usingoje mama aseme. Mpaka hiyo Jumatatu vya njano asivimeze tena, goti likiuma sana anywe panadol.

BintiMpwapwa
Sawa dada, nimemwambia aweke vyote kwenye kikapu. Ameuliza na magadi abebe, nikamwambia mama beba.